Shimo la Vuai

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia jirani, mkacheka. Msicheke. Mwanzo wa maneno hayo naujua mimi bibi yenu, nao haukuwa na kicheko.

Palikuwa na mwanamke akiitwa Mize, msokota kamba. Alizika watoto wawili kabla ya kumpata Vuai, ndiyo maana kilio cha mtoto kilimkata maini. Kwa hilo simlaumu. Lakini Vuai alipotimiza miaka minne alikuwa akimwaga uji na kuwapiga wenzake mawe, na akikatazwa hujitupa chini akapiga mayowe mpaka apewe alitakalo. Naye alipewa.

Kazi ya kamba huanzia pwani. Makumbi ya nazi, yale maganda ya nje yenye nyuzi, huzikwa mchangani miezi mingi yalainike, kisha hufukuliwa maji yakitoka. Sharti ni moja: shimo ulilofukua ulifukie kabla maji hayajajaa, maana yakishajaa hulioni tena.

Siku hiyo Mize alifukua lake, kina chake kifua cha mtoto. Vuai akaingia kuchezea matope. Mama aliposhika jembe, mtoto akaangua kilio.

"Shimo langu! Usifukie!"

"Fukia, Mize," alisema Bi Mwanahija, mkubwa wa wanawake pale. "Maji yaja."

"Atalia, bibi. Nitalifukia kesho."

"Na alie!"

Mize hakuweza. Alimtoa mtoto kwa kumbembeleza, akafunga mzigo wake wa makumbi taratibu. Walipoanza kuondoka maji yalikuwa mapajani mwa mtoto. Vuai akataka kurudi shimoni kwake. Alilia, akavuta mkono, na Mize akauachia kama alivyozoea.

Mtoto alikwenda hatua chache, akatoweka.

Wanawake walitupa mizigo. Walipapasa kwa miguu na mikono katika maji ya matope, huku Mize akiita jina lile moja. Bi Mwanahija ndiye aliyegusa nguo, akamvuta. Vuai alikuwa kimya, kinywa kimejaa mchanga. Wakamlaza kifudifudi juu ya mzigo wa makumbi wakampiga mgongoni.

"Lia, mwanangu!" Mize alipiga mayowe. "Lia, nakuomba! Lia!"

Kwa muda mrefu aliyelia pale alikuwa yeye peke yake. Kisha Vuai akatapika maji, akatoa kilio chembamba, na wanawake wakakaa chini papo hapo majini.

Kesho yake maji yalipotoka, Mize alirudi na jembe. Vuai alilitaka jembe. Aliponyimwa alijitupa mchangani, mayowe yale yale. Mama nusura ampe. Hakumpa. Alifukia mpaka mchanga ukawa sawa, na alipomaliza mtoto alikuwa amekwisha kunyamaza mwenyewe, anachezea kifuu.

Bi Mwanahija, aliyekuwa akiwatazama, ndipo akasema yale mliyoyacheka: mchelea mwana kulia hulia yeye.