Mkeka wa Bi Sikudhani

Sogeeni karibu, na mwenye sikio zito akae mbele, maana kisa hiki kinataka masikio.

Katika maktaba ya chuo kikuu kimoja, ghorofa ya juu kabisa, kuna chumba ambacho mtu haingii na mfuko wala kikombe cha chai. Humo zimehifadhiwa nyaraka za kale, picha, na kanda zenye sauti za watu waliokwisha kufa. Watu watatu walikuwa wakikitunza chumba hicho, na kila mmoja Mungu alimjalia chake.

Mize alijaliwa macho. Si macho ya kuona mbali, la, ni macho yasiyodharau kitu. Boksi ambalo wenzake walilipita miaka nenda miaka rudi, yeye alilifungua. Mtoro alijaliwa mikono: mashine iliyokufa akiishika inakohoa, akiishika tena inasema. Shomari alijaliwa ulimi. Akibisha hodi kwenye nyumba asiyoijua, haupiti muda ameshapewa kigoda, maji ya kunywa na habari za ukoo mzima.

Siku moja Mize alifungua boksi la hotuba za kilimo cha pamba, boksi ambalo hata panya walikuwa wamelisusa. Chini kabisa akakuta kanda ya zamani, ya ule mtindo wa gurudumu, imeota ukungu. Kopo lake lilikuwa limeandikwa jina la kijiji kimoja cha Rufiji, na chini yake: nyimbo za wanawake. Mwingine angeitupa. Mize aliifuta kwa upindo wa mtandio wake akaenda nayo kwa Mtoro.

Mtoro akaipangusa ukungu kwa pamba, taratibu, kisha akaikausha kwa joto dogo la jiko la umeme, kwa sababu kanda za namna ile zikila unyevu hunata kama ubwabwa uliozidi maji. Alipomaliza akawaambia wenzake, "Itaimba. Lakini itaimba mara moja tu. Ikishapita kwenye mashine, ule unga wake wenye sauti utabanduka wote. Lazima tuinakili papo hapo."

Shomari naye akafunga safari hadi Rufiji. Akauliza huku, akauliza kule, mpaka wazee wa kijiji wakamwambia kuwa aliyeimba siku ile ya kurekodiwa alikuwa Mwanahawa, naye alikuwa mjamzito. Alifariki akijifungua. Mtoto alipona, ndiye Bi Sikudhani, msuka mikeka, sasa ana wajukuu. Picha ya mama yake hana, na sauti yake hajapata kuisikia maishani.

"Mwanangu, usinifanyie dhihaka," Bi Sikudhani alimwambia Shomari. "Mama yangu mimi?"

"Sio dhihaka, mama. Njoo umsikie."

Akaja. Wakamkalisha nje ya chumba cha mashine, na mapajani kaweka mkeka wa ukindu mwembamba, alioutia rangi kwa mkono wake. "Huu ni wa yule aliyenirudishia mama," alisema. "Ni mmoja tu. Sikupata muda wa kusuka mwingine."

Watatu wale wakaingia ndani kuinakili kanda kwanza, ili mama wa watu asikilizishwe nakala safi, asije akaambulia mikwaruzo. Wakaanza utani.

"Mkeka wangu ule," alisema Mize. "Bila mimi kanda ingezikwa na pamba."

"Na bila mimi ungempa ukungu," alijibu Mtoro.

"Na bila mimi mngemwimbishia nani?" Shomari akacheka. "Makabati?"

Sasa, chumba kile kilikuwa na desturi yake: anayesema bismillahi ndiye anayebonyeza kitufe chekundu, kile cha kunakili. Hakuna aliyewapangia, walizoea hivyo tu. Lakini siku ile furaha iliwazidi, wakasema bismillahi wote kwa pamoja. Kila mmoja akadhani mwenzake amebonyeza.

Kanda ikazunguka. Sauti ya mwanamume, yule aliyekuwa akirekodi, ikauliza, "Na huyo tumboni?" Mwanamke akajibu, "Huyu nitamfundisha ukindu, asije akalala chini." Kisha akacheka, kicheko kirefu, cha mtu asiye na wasiwasi na kesho. Akaanza kuimba. Mize aliyafumba macho yake, yale yasiyodharau kitu, machozi yakamtoka. Hajutii kitu duniani kama kuyafumba macho yale.

Alipoyafumbua, taa nyekundu ya kunakili ilikuwa haiwaki.

"Simamisha!" alipiga kelele. Mtoro akasimamisha. Unga wa kahawia ulikuwa umetapakaa juu ya mashine yote, na kanda iliyobaki ilikuwa ya ubeti mmoja.

Wakamwita Bi Sikudhani, wakabonyeza kitufe, na mama yake akamwimbia:

*Mwanangu njoo na jua, nikuone sura yako,*
*ukija na giza nene, nitakutambua vipi?*

Kanda ikaisha. Bi Sikudhani akangoja. "Ndiyo yote?"

Shomari, mwenye ulimi wake, akageuka kumtazama Mize. Mize ndiye aliyesema kweli yote: kwamba kulikuwa na mwanzo, kwamba wao wameusikia, na kwamba hakuna atakayeusikia tena. Akamweleza alichosema mama yake kuhusu ukindu. "Kisha akacheka," alisema.

"Alicheka?"

"Alicheka sana, mama."

"Alichekaje?"

Mize alifungua kinywa. Akajaribu. Kilichotoka hakikuwa kicheko cha mtu yeyote.

Bi Sikudhani hakugomba, na afadhali angegomba. Aliuweka mkeka juu ya meza. "Zawadi hairudi na mwenyewe," alisema. "Siku ya maonyesho ya maktaba mliyonialika nitakuja. Nimkute aliyenirudishia mama ameukalia."

Wale waliougombea mkeka wakaanza kusukumiana. Mize alisema ni wa Mtoro, bila mikono yake hata ule ubeti mmoja usingesikika. Mtoro akasema ni wa Shomari, kwani wimbo usio na mwenyewe ni kelele. Shomari akasema ni wa Mize, aliyeiona kanda kwanza na aliyekuwa na moyo wa kusema kweli. Na kila mmoja usiku hulala akijiambia: kitufe kilikuwa mbele yangu.

Maonyesho yamekaribia. Mkeka bado umeviringishwa juu ya kabati, na kila asubuhi Mize huufuta vumbi bila kuthubutu kuukunjua.

Haya, wewe uliyekaa mbele. Usiniambie wote watatu, maana mkeka ni mmoja, na usiniambie hakuna, maana Bi Sikudhani yuko njiani. Je, ungemtandikia nani? Na ukishaamua, akikaa juu yake, mama yule akamtazama, amwambie nini?