Kinyonga wa Kwao Bi Zaina

Haya, jisogezeni, na wewe unayetafuna muwa utafune kimya kimya. Nina jambo limenishinda, mnisaidie.

Kule bondeni Mkomazi alikuwepo mama mmoja, Bi Zaina, mwenye watoto watatu. Staamili alikuwa na macho: sindano ikianguka majanini, yeye anaiona. Semboja alikuwa na kumbukumbu: neno ulilomwambia utotoni atakurudishia lilivyo. Kibibi, kitinda mimba, hakujua woga, na mdomo wake nao ulikuwa hivyo hivyo.

Bi Zaina aliolewa kutoka milimani, Usambara, na hakuwahi kurudi. Sasa anaumwa, hata kuketi hawezi. Kutwa ni habari za kwao tu: ukungu, baridi, na kinyonga wa pembe mbili aliyekuwa akikaa kwenye ua wa mama yake.

"Wanangu, nimepakumbuka nyumbani mpaka kifua kinauma," alisema. "Nikimwona kinyonga yule tu, nitakuwa nimefika. Atakayeniletea, nitampa kanga yangu."

Kanga yenyewe kipande kimoja, imepauka. Lakini ndiyo aliyowafunika wote watatu walipougua, na kila mmoja aliitamani.

Wakapanda mlima. Watoto wa bondeni hao, kwao kila mjusi anayebadili rangi ni kinyonga! Kibibi akadaka mmoja juu ya jiwe, kichwa chekundu, mwili buluu. Mkononi akafifia, akawa kahawia.

"Ndiye! Si mnaona amegeuka?"

"Mwache," Semboja akasema. "Mama alituambia kinyonga kila jicho hutazama upande wake. Huyu macho yake yanakwenda pamoja. Halafu huyu umemkimbiza. Kinyonga hana haraka na mtu."

Bila Semboja wangempelekea mama yao mjusi wa mawe.

Kule juu wakazunguka siku mbili, hawaoni kitu. Siku ya tatu Staamili akasimama. "Yule pale. Mkia kauviringisha kwenye kijiti, pembe mbili puani." Wenzake wakakodoa macho, wapi! Ni majani matupu, mpaka alipowaonyesha kwa fimbo.

Bila Staamili wangempita.

Sasa kumshika. Loo! Wenyeji wakasema kinyonga haguswi, ni nuksi. Semboja akarudi nyuma, Staamili akafumba macho. Kibibi akanyoosha mkono, kinyonga akapanda taratibu, na binti akateremka naye hivyo hivyo mpaka bondeni, mkono umekufa ganzi.

Bi Zaina alipomwona alilia, akacheka, akalia tena. "Mama, nimefika," alisema, na hakuwa akisema nao.

Kisha akauliza, "Kaniletea nani?"

"Mimi!" wakajibu wote kwa pamoja. Wakaona haya, kila mmoja akaanza kumtaja mwenzake. Mama akacheka.

"Acheni nilale kidogo. Kesho nitawaambia."

Hakuamka.

Kanga iko sandukuni mpaka leo, kuikata hawawezi. Kila anayezidiwa na majonzi hufungua sanduku, akaivuta puani harufu ya mama yake, akairudisha. Na kila linapofunguliwa, harufu inapungua.

Msinitazame mimi, mimi nimeshindwa. Wewe, kabla harufu haijaisha, ungempa nani?