Ukuta Usio na Mlango

Nyamazeni niwape.
— Tupe!

Sultani mmoja aliagiza mto uzibwe kwa ukuta wa mawe. Bi Mwadawa, mkulima wa mpunga bondeni, akamwendea karani wa ukuta.

"Mwanangu, wazee wetu wakiziba mto huacha mlango. Zimwi hupita kila masika, limebeba tope la kurutubisha mashamba."

"Mlango haumo kwenye ramani, bibi."

Masika yakafika. Zimwi likabisha hodi ukutani: "Nipishe, nina tope la watu."

"Leta barua ya ruhusa," karani akajibu.

Masika ya pili likaleta barua. "Haina muhuri."

Masika ya tatu likaleta yenye muhuri. "Mwenye kutia saini kasafiri."

"Nitasubiri," likasema zimwi kwa adabu.

Kila mara lilitua mzigo wake nyuma ya ukuta, na tope likapanda. Bondeni ardhi ikapasuka, mpunga ukafa. Bi Mwadawa akawahamishia wajukuu wake mlimani.

"Unakimbia ukuta, bibi?" karani akamcheka.

"Naikimbia subira ya zimwi."

Masika ya nne, karani alifungua dirisha la ofisi yake juu ya ukuta, akakutana na jicho kubwa kama sinia.

"Mtia saini karejea?" likauliza zimwi.

Karani akatia saini mwenyewe. "Umeruhusiwa! Pita!"

Zimwi likaisoma ruhusa hadi mwisho, kisha likautazama ukuta, kutoka mlima hadi mlima.

"Ahsante," likasema. "Mlango uko wapi?"

Hadithi nimeiacha hapo ukutani. Anayeitaka akaifuate, sisi uzao wa Bi Mwadawa hatushuki.