Baiskeli ya Marehemu Baba na Tochi ya Kiboko

Hadithi inabisha hodi!

Ipite ndani, uongo wake tuuonje!

Zamani zile, barabara ikiwa vumbi tupu na kila mpitaji akisalimiwa kwa jina, baba yake Pimbi alikuwa na baiskeli nyeusi. Pimbi alikulia juu ya keria yake, kashika shati la baba, wakiteremka kilima cha kwenda mtoni. Kring, kring! Enzi hizo, jamani. Zilikuwa tamu, nasi hatukujua.

Baba akafa, ikabaki baiskeli. Siku moja Pimbi akateremka nayo kilima kilekile, akafumba macho kidogo ili amsikie baba. Kring, kring! Kumbe chini kichakani Afande Kiboko kajibanza na tochi yake ya kupimia mwendo. Pii!

"Themanini," Kiboko akasema. "Tochi haidanganyi."

Akaikamata baiskeli, akaapa kwamba Pimbi akitiwa hatiani itakuwa yake yeye Afande. Hata ukucha wake usingetosha kwenye pedali, lakini tamaa haina kipimo. Pimbi alirudi kwa miguu, analia.

Mahakamani joto lilikuwa kali. Hakimu Tembo kaketi, anajipepea kwa masikio, pwa, pwa, pwa. Pimbi akauliza kama tochi imewahi kukosea. Kiboko akaapa kwa mama yake: tochi haidanganyi. Basi Pimbi akaomba, kwa adabu zote, tochi ielekezwe kwa Mheshimiwa aliyetulia kitini. Kiboko akaielekeza kwa majivuno. Pii!

"Inasemaje, Afande?"

Kiboko akaichungulia tochi. "Sitini."

Masikio yakasimama. Tochi ilikuwa imepima hayo masikio, bila shaka, lakini nani amwambie hakimu habari za masikio yake?

"Mheshimiwa," Pimbi akasema taratibu, "ama unakimbia na kiti, ama tochi inadanganya. Mimi mdogo, siwezi kuamua."

Tembo hakuwahi kuamua kesi haraka vile. Pimbi akarudishiwa baiskeli yake.

Akaikokota hadi juu ya kilima. Akaipapasa ile keria tupu, akachungulia kichakani: hamna mtu. Akapanda, akafumba macho, akaachia breki. Kring, kring! Vumbi lake lilionekana hadi ng'ambo ya mto.

Hadithi imetoka, nami nafunga mlango. Funzo lake, wanangu: teremkeni polepole, na mkishitakiwa, semeni kweli tupu kama Pimbi.