Managu ya Mke Mwenza

Wivu ukimkaa mtu rohoni, hata wema huuona tusi. Ndivyo alivyokuwa Truphena, mke wa kwanza wa Paul, huko nje kidogo ya mji wa Migori. Tangu Paul aoe mke wa pili, Gesare binti wa Kisii, Truphena hakuonja usingizi mnono. Kila alichopika Gesare kilisifiwa, na kila sifa ilimwasha Truphena kama pilipili jichoni.

Kisha vidole vya Truphena vikaanza kuvimba kwa baridi yabisi. Daktari mmoja wa Homa Bay alimpa vidonge, akaongeza, "Mama, kula pia mboga za kienyeji, tangawizi na manjano. Haviponyi, ila vina viini vinavyoweza kusaidia kupunguza uvimbe." Truphena alitaka jambo moja tu: aendelee kumkamua ng'ombe wake mwenyewe. Gesare amshike ng'ombe wake? Afadhali kufa!

Gesare aliposikia, alimletea bakuli la managu, mboga chungu ya kienyeji. "Mikayi," alisema, akimwita kwa jina la heshima la mke mkubwa, "nimetia tangawizi na manjano ya shambani kwangu."

"Pelekea mbuzi majani yako, Nyar Kisii!" Truphena alimkaripia mbele ya majirani, akimwita binti wa Kisii kwa Kijaluo. Managu yakaishia kwa kuku, na wawili hao hawakusemezana tena.

Hata hivyo, maneno ya daktari hayakumtoka Truphena. Kila Jumanne alinyemelea sokoni kwa Marcella, muuza mboga, akanunua managu na manjano, akapika mlango ukiwa umefungwa. Vidonge pia hakuviacha. Baada ya miezi miwili vidole vililegea, akakamua hadi ndoo ikafura povu. Alijiona amemkomesha mwenzake, akaenda kumshukuru Marcella.

"Kwani hizi mboga unatoa wapi, mama?"

"Si ni za kwenu tu! Gesare ndiye huniletea alfajiri. Kwani hujui?"

Wivu ulimchoma Truphena hata hapo, lakini vidole vyake vilikuwa shahidi. Jioni alikamua, akapeleka maziwa jikoni kwa Gesare, majirani wakitazama.

"Tia kwa mboga," alisema macho chini. "Nimekula zako miezi miwili. Nanunua kwa Marcella."

Gesare alivitazama vile vidole, akatabasamu. "Sasa kuku watakula nini, Mikayi?"

Majirani waliangua kicheko, na Truphena naye kikamponyoka. Wahenga hawakukosea: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.