Wimbo Aliouhifadhi Kasuku

Paukwa!

— Pakawa!

Aa, mnajibu kama mmelala njaa! Paukwa!

— Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na Bi Digidigi. Mama yake alipokuwa anakufa alimwachia wimbo. Wimbo mrefu, una majina ya bibi zao wote. Mtoto wa ukoo ule hapewi jina mpaka aimbiwe.

Bi Digidigi akaona wimbo unamlemea kichwani. Akaupeleka kwa Kasuku, juu kabisa ya mvule, kule kwenye mawingu. Wanyama wote walipeleka nyimbo zao huko. Kasuku akisikia mara moja, hasahau.

"Na wewe ukifa?" akauliza Nungunungu, shoga yake Digidigi, aliyekuja naye.

Kasuku akacheka, kwa-kwa-kwa! "Anao mke wangu. Anao na mwanangu. Mara tatu, mama!"

"Na mnalala wapi?"

"Sote humu, tundu hili hili."

Nungunungu akamgeukia shoga yake. "Wangu nimempa Kasuku, na binti zangu nimewafundisha. Akiba haiozi."

"Shoga, unajichosha bure," akajibu Bi Digidigi. Akaenda zake. Akala majani. Akasahau.

Masika yakaja. Radi ikapiga, paa! Mvule ukapasuka, ukaanguka, puu! Kasuku, mke, mwana, kimya.

Siku ya tatu Bi Digidigi akajifungua binti. Akaanza kuimba: "Mwana wa Tunu, Tunu wa..." Akakwama. Akaanza tena. Akakwama palepale. Akamkimbilia Swala.

"Wamkumbuka mama yangu akiimba?"

"Si anao Kasuku?"

Akaenda kwa Pofu, yule mwenye pembe ndefu, naye yaleyale: "Si anao Kasuku?"

Akafika kwa Nungunungu. Ndani binti watatu wanaimba wimbo wa kwao. Akasimama nje, akalia sana.

Nungunungu akatoka. Hakumsimanga. "Ningekupa wangu, shoga. Lakini bibi zangu si bibi zako."

Mtoto akakua, anaitwa "Wewe." Mpaka leo ukimkuta digidigi porini, husimama, masikio juu. Anangoja kuitwa jina.

Basi, watoto, na ninyi wakubwa mnaojifanya hamsikii: cha thamani mpe mwenye kuhifadhi, lakini na wewe baki nacho, na kingine kiweke mbali na hapo. Watatu wa tundu moja hufa pamoja.

Hadithi yangu imeishia hapo. Sasa wewe uliyekaa nyuma, nirudishie yote tangu mwanzo.