Moshi wa Kilele cha Ndoveni

Hapo zamani za wenye meno kupewa vyeo na wenye akili kupewa pole, mto utokao kilele cha Ndoveni ulikauka. Sungura, mwenye digrii na asiye na kazi, alishinda akitazama magimbi ya mama yake yakinyauka. Magimbi ndiyo yaliyomsomesha. Yakifa, watatafuna cheti?

Kule msituni kileleni moshi ulifuka kila siku.

"Mizimu inapika," alitangaza barazani Fisi, mwenyekiti wa hifadhi. "Imekasirika. Leteni nyama, niiwekee mpakani mwa msitu. Na asipande mtu!"

"Mbona mizimu ya babu zetu ilikunywa togwa tu?" aliuliza Sungura.

"Nyamaza na kidigrii chako! Huu ni uhifadhi endelevu, sustainable!"

Simba akatikisa manyoya. "Fisi nimemchagua mimi. Mimi sikosei."

"Basi bosi, leo nikubebee paja hilo," Sungura akamwambia Fisi kwa unyenyekevu nyama ilipoletwa.

"Beba. Na usilirambe!"

Sungura hakuishia mpakani. Kileleni alikuta visiki vitupu, magogo yametupwa juu ya chemchemi, na kando yake tanuri la makaa lililofunikwa udongo, likipumua moshi matunduni. Kumbe mizimu yenyewe ni hii! Akalisukumiza paja tunduni, akashuka barazani.

Fisi alikuwa akiapa. "Haki ya mama, kileleni sijawahi kukanyaga!"

Upepo ukateremka na harufu ya nyama choma.

"Mwenyekiti, udenda huo," alisema Sungura.

"Ni... ni uchungu wa wananchi."

Mguu mmoja ukaondoka. Wa pili ukaufuata. Mara Fisi huyoo, anapanda mlima mbio, baraza zima nyuma yake.

Walimkuta analifukua tanuri lake kwa mikono miwili. Hewa ikaingia, makaa yakalipuka moto, masharubu yakaungua, na mali yote ikawa majivu.

"Mizimu imeniita!" alilia.

"Ikakuonyesha na pa kuchimba?" aliuliza Sungura.

"Nilijua tangu mwanzo," alinguruma Simba, akamtimua Fisi mlimani mbele ya wote.

Wanyama wakaondoa magogo. Maji yakachungulia, membamba, yakaanza kushuka kuelekea kwenye magimbi.

"Mtukufu, kile cheo sasa kiko wazi..." alianza Sungura.

"Una uzoefu?" aliuliza Simba.

Sungura akacheka peke yake, akayafuata maji nyumbani. Aliyekuwa na cheo angalau alikuwa amekwisha kupimwa, na kipimo hakikuwa kirefu: kutoka barazani hadi tanurini. Njia ya mwongo ni fupi.